Seva ya Sauti ya Baba

Jumamosi, 12 Julai

Nimerudi kutoka kijijini kwetu Masaki jioni hii. Nimeahidi jambo. Mbele ya watu!

Ilikuwa hivi. Tulikwenda kumjulia hali mama, Bi Mwanajuma, ambaye yuko eda tangu baba afariki mwezi uliopita. Tulikuwa mimi, mke wangu Zawadi, dada yangu Firdausi na mumewe Badru. Mama yuko chumbani nyuma ya pazia, kajitanda nguo nyeupe, hatoki. Hakulalamikia chakula wala dawa. Alisema tu kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Baba alikuwa na desturi ya kukohoa mlangoni kabla ya kuingia, miaka yote ya ndoa yao, na sasa jioni ikifika masikio yanangoja. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama hizi simu zetu za kisasa zina sauti ya mzee ndani yake. Kitochi chake, cha kupiga na kupokea tu, hakina kitu.

Zimo! Marehemu Mzee Mwinyimadi alikuwa mtu wa voisi. Kuandika hakupenda. Hakuna mtu katika ukoo huu asiye na voisi zake za WhatsApp: za mikorosho, za mbuzi, za kugomba. Simu yake mwenyewe ilitumbukia kwenye ndoo ya dawa ya mikorosho mwezi wa tano, ikatangulia kabla yake. Lakini zetu zipo.

Badru akatoa wazo jepesi. Tukusanye hizo voisi, tuzitie kwenye memori kadi, tumnunulie mama redio ndogo. Damu ikanipanda. Memori kadi! Sauti ya baba yangu iwekwe kwenye kitu kidogo kuliko ukucha! Nikasimama. Nikasema mimi, mtoto mkubwa wa kiume, nitaunda seva. Seva ya nyumbani, ghala la familia, itunze sauti zote mpaka vilembwe na vilembwekeza. Na siku ya arobaini, tarehe tatu Agosti, mama atamsikia baba.

Mama akasema amina. Nikasikia analia nyuma ya pazia. Hapo nikajua sina njia ya kurudi nyuma.

Njiani Zawadi aliniuliza seva ni kitu gani hasa. Nikamwambia ataiona.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeshinda dukani nasoma habari za seva. (Nina steshenari hapa Misugusugu, kando ya barabara. Fotokopi, vitambulisho, picha za pasipoti. Kwa kifupi, mtu wa teknolojia.) Mteja mmoja ameondoka na vyeti vya mtu mwingine. Dunia nzima inajua mambo haya isipokuwa mimi!

Nimegundua kuna njia tatu. Kuna kijikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni, hakili umeme. Kuna boksi la kiwandani lililo tayari, unachomeka tu. Na kuna kompyuta ya mezani iliyotumika, unayoigeuza mwenyewe. Nilikuwa naelekea kwenye boksi. Mara Badru akaandika kwenye kundi la familia kwamba kazini kwao wanalo boksi kama hilo na hata mtoto anaweza kulitumia. Boksi nimelifuta.

Jioni nikaenda Maili Moja kwa Nathanael, muuza kompyuta za mtumba. Mtu mpole, huongea taratibu hadi unataka kummalizia sentensi. Alinishauri nichukue ndogo isiyo na kelele, kwa kuwa seva haizimwi. Nikachagua kubwa kuliko zote dukani. Chuma kitupu! Kitu kizito kina heshima yake. Kwa upande wa diski, alinionyesha mbili mpya, maalumu kwa kazi hiyo. Nikaziona nyingine mbili pembeni, bei yake tamu. Akanionya kwamba zile zimetolewa kwenye mitambo ya kamera za ulinzi, zimetazama mageti ya watu usiku na mchana kwa miaka, zimechoka. Nikamjibu kwamba basi zina uzoefu.

Bodaboda wa kwanza alikataa kunipakia na ule mzigo. Wa pili alikubali kwa sharti niikumbatie. Nimeikumbatia kutoka Maili Moja hadi Misugusugu na watu wakanipungia mkono. Zawadi amenichua mgongo kwa mafuta ya nazi.

Jumatano, 16 Julai

Leo ni siku ya mfumo endeshi. Bila mfumo, chuma ni chuma tu.

Badru amenipigia simu, bila kuombwa, akanishauri niweke OpenMediaVault. Rahisi, ya bure, unaiendesha kwa kivinjari tu. Kwa hiyo nikaikataa. Windows nayo naitumia dukani kila siku, haina ugeni wowote wa kumshangaza shemeji. Nikaiweka TrueNAS. Iliangalia memori ya kompyuta yangu na kuniambia, kwa adabu, kwamba haitoshi. Nikaifuta. Nikaiweka Debian tupu, ile ya wataalamu. Kioo cheusi, herufi nyeupe, kimstari kinawaka na kuzima. Raha iliyoje!

Zawadi akapita na sinia la mchele anaopembua. Akauliza kama imeharibika. Nikamweleza kwamba wataalamu wa dunia huipenda hivyo. Akauliza wanapendaje kitu kisicho na picha hata moja. Nikajifanya naandika. Kwa kweli nilikuwa nangoja kimstari kiniambie cha kufanya, na chenyewe kilikuwa kinaningoja mimi.

Alasiri nimeifuta Debian. Nimeweka OpenMediaVault. Imekubali mara ya kwanza, ina rangi ya buluu na vigrafu vizuri. Badru hatajua.

Alhamisi, 17 Julai

Swali gumu leo. Diski zangu mbili, kila moja ina nafasi ya terabaiti mbili. Mfumo unauliza nizipangeje. Njia ya kwanza ni ya kioo: kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili, moja ikifa nyingine inabaki na kila kitu. Ila nafasi unayopata ni ya diski moja. Njia ya pili ni kuziunganisha ziwe kama diski moja kubwa. Terabaiti nne.

Mtu yeyote mwenye busara angechukua kioo. Hata mimi nilikuwa kwenye kioo, kidole tayari. Lakini Badru ameandika kwenye kundi kwamba boksi la kazini kwao lina terabaiti tatu. Tatu! Na mimi nionekane na mbili? Sauti ya Mzee Mwinyimadi ikae kwenye nafasi ndogo kuliko mafaili ya ofisi ya mtu?

Nimeunganisha. Lilikuja onyo jekundu likisema diski moja ikifa, vyote vimekwenda. Nililisoma vizuri kabisa, mara mbili, kisha nikabonyeza ndiyo. Diski hizi zimelinda mageti miaka yote, leo ndiyo zife?

Nimepiga picha ile namba nne na kuituma kwenye kundi. Badru amejibu kwa dole gumba. Wivu wake nimeuona hata ndani ya dole.

Jumapili, 20 Julai

Wamekuja wote na simu zao. Ukoo mzima sebuleni kwangu! Zawadi amepika maandazi. Mimi nimekaa mbele ya seva na waya, nimevaa shati la mikono mirefu.

Nilianza na simu yangu. Voisi ya kwanza baba anasema: "Amiri, unanisikia? Kama hunisikii, nijibu." Chumba kizima kikacheka. Nilitoka nje nikajidai natafuta mtandao. Nilikuwa nalia tu. Sikujua kama sauti ya mtu inaweza kuwa na uzito kiasi hicho. Alipokuwa hai nilikuwa nazisikiliza voisi zake kwa kuzikimbiza.

Firdausi alikuwa nazo za mbuzi. Binamu zangu walikuwa nazo za mikorosho. Mwisho akaja Badru. Jamani! Badru ana voisi za baba kuliko sisi watoto wake wote tukijumlishwa. Baba alikuwa akimtumia kila siku ya Mungu. Kumuuliza bei ya salfa ya mikorosho. Kumsimulia mvua. Kumwambia goti limeamkaje. Nikaona wivu.

Halafu ikaja moja inayonihusu. Baba anamwambia Badru taratibu, kama anayemweleza mtu namna ya kufungua mlango mbovu, kwamba Amiri akikushauri jambo, mkubalie kwa mdomo, kisha fanya lako, kwa sababu moyo wa Amiri ni mzuri, tatizo ni mikono. Watu wakatazama sakafu. Badru akajaribu kuipitisha haraka. Nikamwambia aiache, ni sauti ya baba, nayo iingie ghalani.

Lakini katika uchungu huohuo ndipo mpango ulipozaliwa. Kama kila mtu anazo zake, ghala la nini? Mwenye ghala anaheshimiwa kwa sababu nafaka iko kwake. Nikawaambia simu zao zimejaa sana, nitawasafishia. Nikafuta voisi za baba kwenye kila simu, pamoja na nakala zao za mtandaoni, ili zisiwasumbue. Firdausi alisita. Badru hakusita. Alinikabidhi simu yake wazi na kusema kwangu zitakuwa salama zaidi, mimi ndiye mtoto wa mzee. Jambo hilo lilinikera kidogo, sijui kwa nini.

Sasa anayetaka kumsikia baba anapita kwangu. Nimelala kifua mbele.

Ijumaa, 25 Julai

Vita vya nyumbani. Zawadi ameleta vifaranga vya kuku wa kisasa, boksi zima, na baridi ya mwezi huu vinakufa. Mkaa unamchosha. Leo nimerudi kutoka dukani nikakuta boksi la vifaranga limeegeshwa nyuma ya seva yangu. Kule feni inakotolea hewa ya moto!

Nikapaza sauti. Nikasema ile ni mashine ya kumbukumbu, si jiko la kulelea kuku. Zawadi akajibu kwa utulivu kwamba mashine inatoa joto la bure mchana kutwa, na mimi ndiye niliyechagua kubwa.

Nikaamua kuvihamisha mwenyewe. Kwanza nikafungua voisi moja kujaribu spika. Ilikuwa ile baba anagombana na mbuzi aliyekula kofia yake. Vifaranga vikatulia vyote. Vikasogea kwenye kile chuma cha moto, vikafumba macho, vikalala huku baba anamwambia mbuzi kwamba hana mama wala baba. Zawadi akaja akasimama kando yangu. Akasema mzee alipenda sana kuku. Akaweka kichwa begani kwangu. Tukasikiliza mpaka mwisho.

Nimeviacha. Kuna maranda ya mbao kidogo yanaruka na kuingia kwenye feni, na vinyoya. Feni imebadilika mlio, inaimba kwa chini. Nadhani imezoea.

Jumatatu, 28 Julai

Ya Rabi.

Asubuhi seva ilikuwa inalia kak, kak, kak. Nikaipiga kofi dogo la upendo. Ikalia zaidi. Kisha ikanyamaza. Vigrafu vya buluu vikawa vyekundu, halafu havikuwepo.

Nimeifungua. Ndani kulikuwa na zulia la maranda na vinyoya, na kinyesi, sijui kilipitaje. Diski moja ilikuwa ya moto siwezi kuishika. Nikaikumbatia ile seva tena kwenye bodaboda mpaka kwa Nathanael. Akajaribu kila waya aliokuwa nao. Akaeleza, taratibu kuliko siku zote, kwamba nilipoziunganisha ni sawa na kukata kila ukurasa wa kitabu katikati, nusu huku nusu kule. Nusu ya kule imeungua. Hii iliyobaki haisomeki kwa yeyote, hata akipelekewa fundi wa mbali.

Akauliza nakala ziko wapi. Nikamwambia nakala zipo, ziko salama. Akauliza wapi. Nikamwambia kwenye seva.

Akanivutia kiti. Akanipa maji ya kunywa. Aliogopa nitaanguka, na alikuwa na haki.

Nimerudi nyumbani nimemwambia Zawadi kila kitu kiko sawa, ni matengenezo tu. Ameniangalia. Ameviondoa vifaranga bila kuuliza, akaniletea chai yenye tangawizi nyingi, akakaa karibu nami. Nadhani anajua. Namwogopa mama kuliko ninavyoogopa kitu chochote. Si kwamba atanigombeza. Hatanigombeza.

Jumatano, 30 Julai

Nina mpango! Nimeupata bafuni.

Siku ya maziko, mtani wetu Bi Holo, yule Msukuma mfuga ng'ombe wa Kibuta, alifanya utani kama ilivyo ada. Wasukuma na sisi Wazaramo tunataniana tangu mababu, na mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Alilivaa koti la baba, akachukua na mkongojo wake, akatembea kama baba, akakohoa kama baba, akabishana na wachimba kaburi kuhusu vipimo. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Mimi niliinua kichwa nikidhani ni yeye. Sauti ileile! Mwanamke yule amemuuzia baba maziwa na kumtukana miaka na miaka, anazo sauti zake zote.

Basi Holo anirekodie voisi tano sita. Mama yuko nyuma ya pazia, atajuaje? Nitasema seva ni nzima. Kila mtu atapona.

Nimekwenda Kibuta na kilo za sukari. Nimemkuta zizini. Nimemweleza. Alicheka mpaka akakaa chini penye samadi. Alipomaliza kucheka, hakuwa anacheka tena. Alisema hapana. Alisema mtani huiga hadharani, jua likiwaka, na kila mtu anajua kuwa ni Holo. Kuingia ndani ya simu kumdanganya mjane ni kitu kingine, na kina jina lake, na yeye hana jina hilo. Nikamsihi basi asimwambie mtu. Akajibu kwamba hajazaliwa Mzaramo wa kumpangia Msukuma maneno, na kwamba arobaini anakuja.

Mtani hakasirikiwi. Nimekunywa kata nzima ya maziwa mgando na kushukuru. Sukari amebaki nayo.

Jumapili, 3 Agosti

Naandika nikiwa Masaki, juu ya gunia la korosho, watu wameondoka.

Nilikuja na seva. Mzoga, lakini nilikuja nao, nimeufunika kitambaa cheupe. Mpango wa mwisho ulikuwa mwepesi: umeme ukatike. Kila mara hukatika! Nikachomeka spika, nikapanga waya nyingi kuliko zinazohitajika, nikangoja. Hitima ikasomwa. Dua ikaombwa. Pilau likaliwa, likaisha. Umeme uko palepale. Sijawahi kuona umeme imara namna ile.

Mama akatuma mtu kutoka nyuma ya pazia aulize kama sasa ni wakati. Uwanja mzima ukanigeukia. Firdausi akatoa simu yake arekodi tukio. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikatangaza kwamba mitambo inapasha moto. Badru akasogea kunisaidia, nikamsukuma kwa kiwiko.

Hapo akaingia Holo, amevaa koti la baba. Hakumwamkia mtu. Akafunua kitambaa, akainua seva ile iliyonivunja mgongo, akaitia kichwani kama debe la maziwa. Akatangaza kwamba mali ya marehemu imetekwa na watani na haitoki bila kikomboleo. Watu wakacheka. Mjomba mmoja akaingiza mkono mfukoni. Holo akamwambia arudishe mkono wake, hataki hela za Wazaramo. Anataka kitu kimoja tu: mwenye mzigo aseme ndani yake mna nini.

Nilitazama lango. Lilikuwa wazi. Lakini mama alikuwa nyuma ya lile pazia, nami niliuona ukingo wake umeshikwa na vidole.

Nikasema hamna kitu.

Nikasema yote. Diski za mageti, terabaiti nne, vifaranga, simu nilizofuta. Nikasema mama, nimempoteza baba mara ya pili, na mara hii ni kwa mikono yangu. Firdausi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono ulio huru, simu bado ameinyanyua, nadhani alisahau kuizima. Badru aliitazama simu yake muda mrefu, kisha akairudisha mfukoni. Hakuna aliyenigombeza. Laiti wangenigombeza.

Holo akaitua seva chini polepole. Akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa chumba cha mama. Tukasikia kikohozi. Kikohozi chake, kile cha jioni, na koo likisafishwa. Kisha ikaja sauti ya baba: "Mwanajuma! Huu mlango umefungwa kwa ajili ya wezi au kwa ajili yangu?"

Mama akajibu kutoka ndani: "Kwa ajili yako. Wezi wana adabu."

Akacheka. Mama yangu amecheka! Akacheka na kulia pamoja, na wanawake waliokuwa naye ndani wakacheka na kulia, na uwanja wote ukafuata. Holo akaendelea kugombea maji ya kuoga, na mama akamjibu neno kwa neno, kama yeye na baba walivyokuwa wakijibizana siku zote na sisi watoto tukijifanya tumelala. Wote tulijua ni Holo. Mama alijua kuliko sisi sote. Haikuharibu kitu.

Badru akasimama. Yule mtu mkimya, wa ofisini! Akakunja uso, akatoa voisi ya baba kuhusu goti, ile inayoanza kwa kusema haitachukua muda, anaijua yote kwa moyo. Firdausi akatoa ya mbuzi. Binamu wakatoa za mikorosho. Kila mtu alikuwa nayo moja kichwani ambayo sikuweza kuifuta.

Wakanigeukia. Nikasema tu iliyokuja mdomoni, ya siku aliponitumia mihogo Misugusugu: "Amiri, mihogo imeondoka na gari la asubuhi. Uile. Lakini gunia langu lirudi."

Koo langu lilikuwa limekauka kwa kulia. Sauti ikatoka nzito, yenye mikwaruzo. Watu wakanitazama. Hata Holo alichungulia pembeni ya nyumba.

Nyuma ya pazia mama akasema, huyo. Huyo ndiye.

Nikaenda nikakaa sakafuni upande wangu wa pazia. Nikamwomba radhi. Hakuzungumzia seva. Aliniambia niseme tena habari za gunia. Nikasema. Akaniambia tena. Nikasema tena. Nilikaa pale mpaka alasiri, nikidai gunia, na mama akinijibu kwamba lina matundu hata hivyo.

Nampenda mama yangu. Naandika hapa kwa sababu kule nilishindwa kulisema kwa sauti yangu mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Habari kubwa! Firdausi ana video ya arobaini nzima. Alisahau kuzima kweli. Kikohozi cha Holo, mama akijibu kuhusu wezi, Badru na goti, mimi na gunia. Yote! Ni rekodi pekee duniani. Mama ameisikiliza kwa simu ya Firdausi jana na kuomba aletewe tena kila Ijumaa.

Badru ameandika kwenye kundi kwamba ataigawa kwa kila mtu wa familia, kila mmoja awe na nakala yake. Wazo la haraka haraka. Video ya thamani namna hii isambae ovyo kwenye masimu ya watu? Nimemjibu kwa heshima kwamba jambo hili linataka utaratibu.

Nimekwenda kwa Nathanael. Nimefikiri sana na nimejifunza: tatizo lilikuwa diski mbili. Mbili ni chache, moja ikichoka nyingine inaelemewa. Safari hii nimechukua tatu. Zimetoka kwenye kamera za benki fulani, si mageti ya mtaani, zimezoea kazi nyeti. Nathanael alifungua mdomo aseme kitu, nikammalizia sentensi. Nimeziunganisha zote. Terabaiti sita! Onyo lile jekundu limekuja, nikalisalimia, tumeshazoeana. Zawadi amevihamishia vifaranga kwa jirani, wala sikumwomba.

Nimemwandikia Firdausi alete simu Jumamosi nihamishe ile video kisha niifute kwake, maana simu yake inaonekana imejaa. Amejibu kwamba Jumamosi ana kazi. Jumapili pia ana kazi. Agosti yote, anasema, na huenda Septemba. Maskini dada yangu, anajichosha mno. Kesho nitamfuata kwake mwenyewe nimpunguzie mzigo.